Vito vya Raha na Wakorogaji Halua wa Sultani Ghalibu

Katika mji wa Barkashani, mji wa kuta nyeupe na visima vitamu, alitawala Sultani Ghalibu bin Sarhani, na alikuwa mtawala wa haki na mpole wa moyo, na aliwapenda raia zake kama mtu apendavyo macho yake. Na ila yake ilikuwa moja tu, kwamba jambo lolote alilolipenda alitaka alione akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Nayo si ila ndogo kwa mtu mwenye majumba kumi ya kazi, kwa maana walikuwako wafumaji wake na wahunzi wake, na watia rangi na washona viatu, na waliosifika kuliko wote, wakorogaji wa Nyumba ya Halua, ambao halua yao ilikwenda kwa masultani wa bara na visiwani ndani ya vikapu vya ukili, na aliyeionja hakusema neno mpaka amalize kuramba vidole.

Siku moja akaja mgeni, Sultani wa Tarshishi, wakanywa kahawa, na mgeni yule akasema kwa majivuno, "Watumishi wangu mimi wana raha, ewe ndugu yangu. Wako je?" Sultani Ghalibu hakujua, na akaona haya mpaka kahawa ikampoa mkononi. Mgeni alipoondoka akamwita waziri wake Kamaluddini, akamwambia, "Ewe Waziri, nataka kujua kama watu wangu wana raha. Nataka kujua kila siku, nami niione hiyo raha kama niuonavyo mwezi."

Mtu mwingine angalimjibu, "Maulana, vaa viatu twende tukawaulize." Lakini Waziri Kamaluddini hakuwa mtu wa kwenda penye moshi. Alikuwa na pete ya kale aliyorithi kwa babu zake, na ndani ya pete alikuwamo jini aitwaye Hardhamushi, amefungwa kwa azima na kuapishwa amtumikie mwenye pete na asiseme uongo abadani. Waziri akaisugua pete, na jini akatoka, kichwa darini na magoti kidevuni kwa udogo wa chumba, akasema, "Labeka, ewe mwenye pete."

"Nataka vito," akasema Waziri, "nimvike kila mtumishi kimoja kifuani. Akiwa na raha king'ae kijani, akiwa na dhiki kififie kiwe rangi ya jivu. Na nitengenezee taa kubwa ya kutundika katika diwani, ukumbi wa baraza la Maulana, ikusanye nuru ya vito vyote, kila nyumba na pembe yake."

Jini akakuna sikio. "Bwana wangu, yaliyomo moyoni anayajua Mola peke yake. Mimi naweza kupima uso tu."

"Uso unatosha. Kwani moyo unatazamwa na nani?"

Basi vito vikatengenezwa, na taa ikatundikwa, na Sultani akafurahi furaha kubwa, akawa haachi kuitazama. Na Waziri akaweka kanuni, kwamba kila Alhamisi wakuu wa nyumba zote wahudhurie diwani, na mkuu ambaye pembe yake ya taa imeng'aa kupita wenzake apewe bendera ya hariri, akaitundike mlangoni mwake. Na ambaye pembe yake imefifia akalishwe mwisho wa mkeka, mlangoni, hapo watu wanapovulia viatu.

Mkuu wa Nyumba ya Halua aliitwa Shekue bin Athmani. Huyu hakufundishwa kazi na mtu. Alijifundisha mwenyewe kwa kuunguza sufuria mpaka akajua zinavyotaka. Alikuwa mtu wa maneno yaliyonyooka, na hasira zake zilikuwa moto wa makumbi, huwaka ghafla na kuzimika ghafla. Katika nyumba yake mlikuwa na sufuria nne za shaba, kila moja upana wa mlango, na wanaume kumi na wawili wa kuzikoroga kwa miiko mirefu kama makasia. Na halua, kwa asiyeijua, haiachwi. Tangu wanga ushike sukari mpaka samli itoke ni masaa matatu au manne, na mwiko ukisimama kwa pumzi moja tu, chini kumekwisha kushika. Ndiyo maana wakorogaji walikuwa na ada yao, kongwe kuliko hilo jumba la Sultani: aliyechoka husema, "Nipokee," na aliye karibu naye hunyosha mkono akaushika mwiko ungali unazunguka. Haulizwi kwa nini, wala hahesabiwi amesema mara ngapi.

Sasa mtu aliyechoka uso wake hukunjamana, na hilo halina siri. Kila aliposema mmoja wao "Nipokee," kito chake kilififia, na ilipofika Alhamisi ya kwanza pembe ya halua ilikuwa jivu tupu. Shekue akakalishwa penye viatu. Na mkuu wa washona viatu alipokuwa akivua vyake akamwambia, "Jisogeze kidogo, Shekue, vyangu vipya hivi, visije vikanuka moshi." Diwani nzima ikacheka.

Shekue akarudi kazini anafoka. "Wanaume kumi na wawili mnanikalisha mimi na makubadhi ya watu! Sitaki kuona kito kimefifia humu ndani. Mwenye dhiki yake aiache nje, pale anapoacha viatu vyake."

Nao walimpenda, na hilo ndilo lililoleta balaa. Tangu siku ile neno la "Nipokee" likakoma. Vuai, aliyekuwa mcheshi wao, akawafundisha hila ya kumfikiria mama mkwe akiteleza matopeni, na kila aliyehisi mabega yanawaka moto akamfikiria mama mkwe, akacheka, na kito kikang'aa. Alhamisi ya pili Shekue alipata bendera, na ya tatu akapata, na ya nne. Akaitundika mlangoni, akawa anapita chini yake shingo ndefu.

Na halua ikaanza kuungua. Mwanzo ilikuwa harufu tu, ya mbali. Kisha ikawa uchungu nyuma ya ulimi. Kisha siku moja Sultani Ghalibu akatia tonge kinywani akalitema kwenye leso. Akaitazama halua, akaitazama taa, na taa ilikuwa kijani kama shamba la mpunga.

"Ewe Waziri," akasema, "watu wenye raha namna hii wanapikaje halua namna hii?"

"Raha imewazidi, Maulana, wamelegea," akajibu Waziri bila kumeza mate. "Watiwe hofu kidogo."

Na kwa kuwa Sultani wa Tarshishi alikuwa amealikwa kwa Idi ya Mfunguo Tatu, na ada ilikuwa kumwekea mgeni sinia arobaini za halua, hukumu ikatoka: halua ya Idi ikiungua, Shekue atatolewa nje ya lango la mji asirudi maisha yake, na watu wake kumi na wawili watapelekwa kwenye matanuri ya chokaa, ambako mtu hazeeki.

Shekue akasimama kati ya sufuria zake hajui la kufanya. Alibadilisha kuni, akabadilisha sukari, akasugua shaba mpaka akaona sura yake humo, na halua ikaungua vilevile.

Katika nyumba hiyo alikuwamo mwanamke mjane aitwaye Mwanashatu, mtwanga iliki na mchuja samli, mzuri wa sura na mkali wa ulimi, na Shekue alikuwa amemposa mara mbili, naye amekataa mara mbili. Zikiwa zimesalia siku mbili kabla ya Idi, asubuhi, Mwanashatu akaweka mchi chini, akasema, "Bwana Shekue, umeitazama mikono ya watu wako?"

"Nimetazama vito vyao. Vyote kijani."

"Nimekuuliza mikono umenijibu vito. Nikikuuliza mbuzi utanijibu kamba?"

"Bi Mwanashatu, leo sina nafasi ya mafumbo. Keshokutwa nafukuzwa mjini."

"Basi nitasema wazi, kwa maana ndivyo unavyojisifu, kwamba wapenda mambo wazi. Tangu utundike bendera yako hakuna mtu aliyesema 'Nipokee' humu. Wadhani hawachoki? Lau wangekuogopa, wangekwisha kutoroka. Wanakupenda, ndiyo maana wanaungua. Na ukitaka kujua kwa nini nimekukataa mara mbili, sababu ni hiyohiyo: wewe wasikia sufuria, mtu humsikii."

Shekue akavurumisha mfuniko ukagonga ukuta, akatoka uani, akazunguka kisima mara tatu, kisha akarudi moto umekwisha. Akasema, "Vuai, nionyeshe mikono yako."

"Mikono ya nini, bwana mkubwa? Wataka kunivisha pete?"

Wakacheka wote, na vito kumi na viwili vikang'aa. Shekue akamshika kifundo cha mkono akamfumbua vidole, akaona kiganja hakina ngozi, kimepakwa samli na kufungwa kipande cha jani la mgomba. Akamwendea wa pili, na wa tatu, na wote walikuwa vivyo hivyo, na mikono mibaya kuliko yote ilikuwa ya Mzee Dadi, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, naye alikuwa anatabasamu.

"Ondoa hilo tabasamu, mzee wangu."

"Haliondoki, mwanangu. Nimelizoea, mpaka nalala nalo. Mke wangu kaniuliza kama nimeoa mwingine."

Shekue akakaa juu ya gunia la sukari. "Mbona hamkuniambia?"

"Ulisema dhiki tuiache nje penye viatu," akasema Mzee Dadi, bila ubaya wowote. "Tukaiacha."

Hapo Shekue akaona haya ambayo kule diwani hakuiona, na haya ya kwanza ilikuwa ya kuchekwa na watu, na hii ilikuwa ya kustahili. Akainuka akaishusha bendera, akavua vito vya watu wake kimoja kimoja na chake pamoja, akavitia ndani ya ndoo ya maji, ingawa alijua kwamba kuvua kito ni kuvunja amri. Akasema, "Mimi ndiye niliyewaunguza. Kesho tutapika tulivyokuwa tukipika, na mwenye kuchoka aseme, na nikikunja uso mnipige mwiko."

"Wa shaba au wa mti?" akauliza Vuai.

Basi siku ya Arafa, walipokwisha kuswali alfajiri, wakatia kuni, na jua lilipokuwa juu ya paa la msikiti halua ilikuwa imeshika katika sufuria zote nne. Na kule diwani Sultani Ghalibu alitazama taa yake, ambayo tangu jana hakuitazama, akaona pembe moja nyeusi, haiko kijani wala jivu, nyeusi tu kama jino lililong'oka. Waziri akasema, "Huo ni uasi, Maulana. Nipe askari." Lakini Sultani alikuwa ameingiwa na wasiwasi wa usiku na mchana kwa ile halua chungu, akasema, "La. Niletee viatu vyangu." Wakaenda, Sultani na Waziri, na jini Hardhamushi nyuma yao amejikunja kupita vichochoroni.

Walipoingia, joto likawapiga usoni na moshi ukawatia machozi. Waziri akapaza sauti, "Acheni miiko, mumwamkie Maulana!"

Hakuna aliyeacha. Shekue, mwenye mwiko wake mkononi, akasema, "Shikamoo, Maulana, na utuwie radhi. Mmoja wetu akiacha kukoroga, halua ya Idi imeungua. Ukitaka shingo yangu ni yako, ila nakuomba ungoje samli itoke."

"Nani kawaruhusu kuvua vito?" akauliza Sultani.

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Vinasema uongo, Maulana."

"Jini wa pete hasemi uongo, ewe Shekue. Kaapishwa."

Ndipo Shekue akamtazama jini, na kifuani pa jini akaona kito kikubwa kama chungwa, king'aacho kupita vyote, kwa kuwa Waziri aliamuru kila mtumishi avae, na jini naye ni mtumishi. Akamwambia, "Ewe Hardhamushi, umefungwa ndani ya pete hiyo miaka mingapi?"

"Mia saba na kumi na mmoja."

"Na una raha?"

Miiko minne ikaendelea kuzunguka katika shaba. Uso wa jini ulikuwa unacheka, kwa maana uliamriwa ucheke, na kito chake kilikuwa kijani hakikupungua hata chembe, lakini machozi yakaanza kumtoka, kila tone kama yai la bata, yakawa yanadondoka sakafuni na kufuka mvuke. Akasema, "Wenye pete thelathini na wawili wamenimiliki, na wote waliniambia lete, na jenga, na bomoa, na huyu wa sasa akaniambia pima. Neno uliloniuliza wewe hakuna aliyepata kuniuliza. Sina raha, ewe mkorogaji."

"Wataka nini basi?"

Waziri akarudi nyuma hatua mbili, akidhani jini atataka kichwa chake. Na jini akasema, "Nataka Ijumaa. Niende Jabali Kafu, kwetu majini, nikamwone mama yangu, nirudi kazini Jumamosi."

Sultani Ghalibu akakitazama kito, akayatazama machozi, akakitazama kito tena. "Kinang'aa," akasema taratibu, "na mwenyewe analia."

"Hitilafu ndogo, Maulana," akasema Waziri, "tutairekebisha kwa kuongeza—"

"Nipokee," akasema Mzee Dadi.

Wenzake wote walikuwa wameshika miiko au wamefungwa vitambaa mikononi wakipumzisha viganja, na aliye karibu naye alikuwa jini. Jini akatazama kulia na kushoto, akafahamu kuwa anaambiwa yeye, akanyosha mkono mrefu akaupokea mwiko ungali unazunguka. Akakoroga kwa furaha, na wote wakadhani mambo yamekwisha. Lakini halua ikikaribia kuiva huwa na ukaidi wa punda, na jini asiyewahi kuikoroga hakujua pa kuweka miguu, na baada ya kitambo akawa anahema kama mvukuto wa mhunzi. Akasema, kwa kusitasita, kama mtu ajaribuye neno la lugha ngeni, "Nipokee."

Na aliye karibu naye alikuwa Sultani.

Waziri akanyosha mkono kuzuia, lakini Sultani alikwisha kuushika mwiko, na mikono ya joho lake la zari ikaingia katika halua. Akakoroga. Mara ya kwanza akatabasamu, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama. Kisha jasho likamwingia machoni, na mabega yakaanza kumchoma, na viganja vyake laini vikafura, naye akaendelea kutabasamu, na mwiko ukaanza kwenda polepole. Kila mtu aliona, na hakuna aliyethubutu kumpokea.

Mwanashatu akamwambia kwa sauti ya chini, "Maulana, sema tu. Hapa neno hilo halimvunjii mtu heshima."

Sultani akaacha kutabasamu. "Nipokee," akasema, na mikono mitatu ikanyoshwa kwa pamoja, na wa Mwanashatu ndio uliofika kwanza.

Adhuhuri samli ikatoka, na halua ikawa nyekundu yenye kung'aa kama akiki, na sinia arobaini zikajazwa. Siku ya Idi Sultani wa Tarshishi akala akaramba vidole, akaomba na ya kuchukua, na Nyumba ya Halua ikasalimika, na Shekue akabaki ndani ya lango. Na Sultani Ghalibu, aliyekuwa amefungwa vitambaa mikono yote miwili, alilishwa halua na mtumishi wake, na alisema hajawahi kula tamu kama hiyo tangu azaliwe.

Kisha akaizima taa kwa amri yake mwenyewe, akawakusanya wakuu wa nyumba zote, akasema, "Enyi wakuu, nilitaka kuona raha nikiwa nimekaa, na kosa lilikuwa langu kabla halijawa la mwingine. Tangu leo, kila mmoja wenu kwa juma atafanya kazi zamu moja na watu wake, na atawauliza kinachowachosha. Alhamisi msiniletee walivyosema, wala nyuso zao zilivyokuwa. Nileteeni mlichokwisha kuwatengenezea. Na anayetaja dhiki ya watu wake atakaa karibu nami, wala hatachekwa."

Alhamisi iliyofuata mkuu wa washona viatu akasimama akasema, "Maulana, kwangu hakuna dhiki hata moja." Sultani akageuka akaagiza aletewe viatu vyake aende akaone, na yule mkuu akakumbuka ghafla dhiki saba.

Katika Nyumba ya Halua ukuta ukatobolewa dirisha moshi utoke, na miiko ikavishwa ngozi penye kushikwa, na kila sufuria ikaongezewa mtu wa nne. Pete ikavunjwa juu ya fuawe, na Hardhamushi akaruka Ijumaa kwenda Jabali Kafu, na Jumamosi akarudi bila kuitwa na mtu, akasema mama yake kamtuma halua, na akaendelea hivyo kila juma, kwa ujira wa sinia moja. Waziri Kamaluddini hakuuawa wala hakufungwa. Aliwekwa penye sufuria siku arobaini. Siku ya kwanza alisema "Nipokee" mara kumi na tisa, na kila mara alipokelewa. Vuai ndiye aliyehesabu, akakemewa na Mzee Dadi mbele ya watu. Na Waziri alipomaliza siku zake alikuwa mtu wa kuzungumza naye.

Naye Shekue akamwendea Mwanashatu mara ya tatu, safari hii bila mshenga. Mwanashatu akamwambia, "Haya, niulize."

"Kinachokuchosha ni nini, Bi Mwanashatu?"

"Wewe," akasema. "Lakini siku hizi si sana."

Wakaoana, na Sultani akawapa nyumba ya mawe yenye roshani mbili, na dinari mia tano, na vitambaa vya hariri marobota kumi, na harusi ikaliwa siku saba, na wakaishi katika neema, wakigombana siku za ugomvi na kupatana kabla ya chakula.

Basi ewe uliye na watu chini yako, sikia na usikasirike, na ukikasirika shauri yako: uso wa mtumishi ni wa kwako, umeununua kwa amri, nao utakuonyesha unachotaka kuona. Ukitaka kujua kama mtu amechoka, shika kazi yake kwa muda wa zamu moja, umuulize, na akikwambia, tengeneza. Hadithi imeiva, nami naipakua. Atakayeiona tamu na ale, na atakayeiona chungu aanze kwa kuangalia sufuria yake.